Uzoefu wangu na The Duke and I: moto wake sina shida nao, shida yangu ni ule usiku wa ulevi

Nianze na nyota kabisa kwa wasio na muda: tatu kati ya tano. Na hizo tatu nimezitoa kwa shingo upande maana nusu ya kwanza ya hiki kitabu ningeipa tano bila hata kufikiria, alafu kuna sehemu moja huko mbele ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia kukasirika, na ndo sehemu iliyotugombanisha wadada wote tuliokisoma pamoja, yaani watu wazima wenye familia zao tulikaa tunabishana mpaka simu zikaisha chaji.

Kwa asiyekijua, ni kitabu cha Julia Quinn, Mmarekani, kilitoka mwaka 2000 na ni cha kwanza kati ya vile nane vya familia ya Bridgerton, cha mwisho kikatoka 2006. Wengi wetu huku tulikuwa hatuna habari navyo mpaka Netflix walipoileta ile series Desemba 2020, na tusidanganyane, wadada wengi tuliingia kwa sababu ya Regé-Jean Page, kijana aliyekulia Harare, mama yake Mzimbabwe, amevaa koti la kiduke, yaani la mheshimiwa wa cheo cha juu, anatembea kwenye majumba ya Waingereza kama amezaliwa humo. Sasa nakuonya mapema ili usije ukalia kama mwenzetu mmoja alivyolia: kwenye kitabu Simon, yule duke aliyemwigiza, ni mzungu, macho ya buluu iliyopauka, nywele za kahawia iliyokolea, na yule Malkia Charlotte uliyempenda kwenye series humu hayumo. Ule ulimwengu wa waheshimiwa weusi waliutengeneza watu wa series, kitabuni haupo. Kama ulifuata hilo tu basi bora ubaki na Netflix.

Stori ni ya London 1813, wakati ambao familia za kitajiri zinakusanyika mjini kwa ajili ya dansi za usiku na lengo zima ni kuozesha mabinti. Daphne Bridgerton ni wa nne kati ya watoto wanane, na mama yao Violet na marehemu mumewe waliwapa majina kwa kufuata alfabeti, Anthony, Benedict, Colin, Daphne, mpaka mdogo wao wa mwisho Hyacinth. Tatizo la Daphne ni kwamba wanaume wanamwona kama rafiki, hakuna wa maana anayeposa. Simon Basset, Duke wa Hastings, yeye karudi kutoka nje baada ya miaka sita na kina mama wote wenye mabinti wanamkimbilia. Wanakutana wakati Daphne amemtandika ngumi mwanaume mmoja king'ang'anizi, na wanakubaliana waigize uchumba, Simon apumzike na kina mama na Daphne aonekane ana thamani. Mwisho wake unaujua lakini utamu upo njiani. Mazungumzo yao ni matamu kweli kweli, wanataniana kama watu wanaojuana tangu utoto, na kila sura inaanza na kipande cha gazeti la umbea la Lady Whistledown, mwandishi ambaye hakuna anayemjua. Mi hizo umbea tu ningelipia.

Na Simon jamani. Alizaliwa na kigugumizi, mpaka anafika miaka minne hakuwa ametamka neno, na baba yake alipoona hivyo akamkana, akawa anawaambia watu mwanawe kafa. Yaya wake ndo alikaa naye mpaka akaweza kuongea. Akaja kujiapia kwamba hatazaa, ili ule ukoo na cheo ambavyo mzee aliviabudu viishie kwake. Hapo nililia, nasema kweli, maana nimefundisha watoto wenye kigugumizi na najua mzazi akicheka tu siku moja mtoto anaweza kunyamaza mwaka mzima.

Haya, sasa tuje kwenye moto. Ndiyo, upo. Mwandishi hafungi mlango wa chumba. Kuanzia Simon na Daphne wanapofumaniwa bustanini na Anthony, kaka yake Daphne, wanaume wakataka kupigana bastola alfajiri, alafu Simon na Daphne wakaoana haraka haraka kwa kibali maalumu, kuanzia hapo kurasa za chumbani ni nyingi na ndefu na zimeandikwa waziwazi. Kuna mama mmoja ninayemheshimu sana, rafiki wa mama yangu, aliazima akakirudisha kesho yake akaniambia mwanangu hiki ni kitabu cha uchafu. Sikubishana naye, mtu mzima ana haki ya kuchagua anachosoma. Ila mimi uchafu sijauona. Watu wawili wameoana, wanapendana, mwanaume anamjali mwanamke, mwanamke hana aibu ya kusema anachotaka. Sisi watu wa Pwani tuna nini cha kushangaa hapo? Mi nimezaliwa Tanga, niliwekwa ndani, nikawa na somo wangu, yule mwanamke wa kunifunda, nikafundishwa mambo kwa nyimbo na kwa ngoma kabla sijaingia fungate. Bi Kidude wa Unguja watu wanamkumbuka kwa taarabu lakini mpaka anafariki mwaka 2013 alikuwa bingwa wa unyago, akifundisha mabinti mambo ya ndani bila kupepesa macho. Mwanamke kujua mwili wake kwetu hakukuanza na Netflix.

Tena hilo ndo lililonigusa zaidi kuliko moto wenyewe. Kuna sehemu usiku wa kuamkia harusi Violet anakuja chumbani kumfundisha Daphne, mama aliyezaa watoto wanane, na anashindwa. Anajiuma uma, anazunguka, anaona haya, anatoka binti hajajua kitu. Wasomaji wengi wanaicheka hiyo sehemu na imeandikwa ichekeshe, lakini mi naona mzigo wote wa kitabu umebebwa pale. Daphne anaingia kwenye ndoa hajui mtoto anapatikanaje. Simon alimwambia kabla ya ndoa kwamba hawezi kupata watoto, akakubali kwa kumwonea huruma akidhani ni maradhi, na kumbe mwanaume kila usiku anamalizia nje na bibi harusi wala hajui kwamba hilo lina maana yoyote. Anayemfumbua macho ni Mrs. Colson, msimamizi wa nyumba, tena bila kukusudia, wakiwa wanazungumza habari za marehemu mama yake Simon. Angekuwa na somo angejua siku ya kwanza, angemuuliza mumewe uso kwa uso, na yaliyofuata huenda yasingetokea.

Sasa yaliyofuata. Daphne akijua amedanganywa anakasirika na anamfukuza chumbani, na hapo mi nilikuwa upande wake kabisa, maana Simon alisema hawezi wakati ukweli ni hataki, na alimwacha aolewe na uongo. Alafu siku moja Simon anarudi amelewa chakari, Daphne anamlaza, Simon anamwomba asiondoke, alafu analala. Baadae mwanaume akiwa nusu usingizini na pombe bado kichwani, Daphne anaanza mambo, anakaa juu, na wakati ule ambao Simon siku zote anajitoa, yeye hamwachii. Anafanya kwa kujua. Anajua kiapo cha mumewe, anajua kwamba akiwa macho na mzima asingekubali. Na Simon akizinduka jambo la kwanza linalotokea ni kigugumizi kurudi. Mtu mzima aliyepigana na ulimi wake tangu utoto, anashindwa kumaliza sentensi mbele ya mkewe.

Hapa ndo tuligawanyika, na sikutegemea nani angekaa upande gani. Rafiki yangu mmoja ni muuguzi, amehudumia watu waliofanyiwa ukatili, yeye alikifunga kitabu hapo hapo na hajakimalizia mpaka leo, alisema hiki ni kitendo cha kubaka na asitokee mtu wa kumpambia. Mwingine, mama wa watoto wanne aliyepitia ndoa ya uongo mwingi, akasema jamani huyu binti alidanganywa na jambo kubwa kuliko yote, uzazi, na hana wakili wala pa kukimbilia, mwacheni. Mdogo wetu wa mwisho kwenye kikundi yeye aliona ni ya mapenzi tu, hakuelewa kelele zinatoka wapi, na hilo ndo lilinitisha kuliko yote. Shemeji yangu aliyekuwa anatusikiliza akauliza swali moja tu: angekuwa mke ndo amelewa na mume ndo anamfanyia hivyo, mngekuwa mnabishana? Tukanyamaza. Ukiingia Goodreads, ile tovuti ya wasomaji kutoa maoni, utakuta mgawanyiko huo huo, mtu wa nyota tano anafuatwa na mtu wa nyota moja, na wote wanaongelea hiyo sura.

Mimi niko na muuguzi. Nasema hivyo nikiwa naelewa vizuri sana hoja ya uongo wa Simon, ulikuwa mkubwa na kitabu kingemkalisha chini aujibu zaidi. Lakini kudanganywa hakukupi ruhusa juu ya mwili wa mtu aliyelewa. Kuna watu wanajibu kwamba ilikuwa 1813 na mambo yalikuwa hivyo. Ni kweli kwamba sheria ya Uingereza haikutambua kubakwa ndani ya ndoa mpaka mahakama yao ya juu kabisa ilipotoa uamuzi mwaka 1991, juzi tu, na ni kweli kwetu Tanzania sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana ukiisoma, mke unamkuta pale tu anapokuwa ametengana na mumewe, na mume kama mtendewa humkuti kabisa. Ila mwandishi hakuandika 1813, aliandika mwaka 2000, na wasomaji wake ni wa leo. Hizi riwaya za mapenzi za kihistoria zina mzigo wa zamani pia, maana The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss iliyotoka 1972 na kufungua soko lote hili ina hiro anayembaka bibie mwanzoni kabisa na baadae wanapendana, na wanawake walikinunua kwa wingi. Kwahiyo wapo wanaoona Quinn alipiga hatua kubwa kwa kuandika wanandoa wanaocheka pamoja. Nakubali alipiga hatua. Kwenye ile sura moja aligeuza tu nani ni nani, mambo yakabaki yale yale.

Kinachoniuma zaidi ni baada ya pale. Simon anaondoka, anaenda kukaa mbali, na nikasema sasa tutaona, watarudi wakae waambizane. Kitabu kikageuza kila kitu kuwa safari ya Simon kuacha chuki kwa baba yake, kuna zile barua za mzee anazokuja kupewa, na ni sehemu nzuri sikatai, anapoamua kwamba hatampa marehemu nguvu juu ya maisha yake nilifurahi. Lakini yale mazungumzo niliyoyasubiri, Daphne kumwambia mumewe nilikufanyia vibaya na kubaki nalo hilo neno, sikuyapata. Mwanaume amepona, watoto wanakuja, furaha tele. Aliyeumizwa ndo kapewa kazi yote ya kubadilika! Ingekuwa mwandishi ameiacha ile sura ilivyo lakini akaijibu, mi leo ningekuwa natetea hiki kitabu kwa nguvu zote, maana watu wazuri wanaumizana kwenye ndoa kila siku na riwaya ina haki ya kuonyesha.

Walioangalia series wataniambia kwenye sehemu ya sita hakuna ulevi. Ndiyo, Netflix waliuondoa, Simon yuko macho na amekubali kuanza, ila bado Daphne hamwachii anapotaka kujitoa, na kelele zilitokea vile vile. Kwangu ni afadhali kidogo, na pale huenda wanaume wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba jambo hili linaweza kuwahusu na wao, kwahiyo hata ubishi wake una faida.

Mengine haraka haraka. Kiingereza chake ni chepesi, mtu wa kidato cha nne anayependa kusoma ataenda nacho bila kamusi, vyeo vya kina Lord na Lady vinachanganya mwanzoni alafu unazoea. Mi nimesomea kwenye simu kwa Kindle na sura ni fupi za kutosha kusoma kwenye daladala, ila kuanzia katikati angalia nani amekaa pembeni yako. Kwa binti wa sekondari sikipendekezi, na sababu siyo moto, ni kwamba ile sura inahitaji mtu mzima wa kuizungumza naye. Ukimpa, soma na wewe.

Kwa aliyepitia ukatili wa namna hiyo, ruka tu, hakuna utamu wa mbele unaofidia. Kwa wengine wote, kama unataka kuijua hii familia bila maumivu haya, nenda moja kwa moja kwenye cha pili, The Viscount Who Loved Me, cha Anthony na Kate, utaelewa kila kitu hata kama cha kwanza hujakigusa. Moto upo wa kutosha, kuna mchezo wao wa kugonga mipira kwenye nyasi unaochekesha mpaka machozi, na Kate ni mwanamke anayesema anachofikiri mchana kweupe. Hicho nimekipa tano.