Fundi asiye na bango pale Kariobangi Light, nimempa nyota nne

Ukifika Kariobangi Light Industries, Nairobi, pita wale wa kuchomea milango, pita mama wa chapo, utaona kibanda cha mabati kimepakwa buluu mpaka katikati tu, nadhani rangi iliisha. Hakina bango. Uliza mzee wa pikipiki wa miwani ya waya, kila mtu anamjua.

Stori ni hii. Niko na pikipiki ya brathe, Boxer BM 150. Alikuwa anapiga boda usiku, halafu mwisho wa Machi 2020 serikali ikaleta kafyu ya saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi, kazi ya usiku ikakufa hapo hapo. Akaiegesha chini ya ngazi kwa plot ya mathe Kayole akasema ni wiki mbili tu, mwaka uliofuata akapata kazi Qatar akaenda, na hiyo nduthi ikakaa miaka mitano. Paka amezalia juu ya hicho kiti mara mbili.

Mwezi juzi nikaamua inatembea. Nikaanza vibaya, nikapeleka gereji moja karibu na nyumbani, sitaitaja. Vijana wawili wakaongeza petroli ya mia mbili juu ya ile ya zamani wakaanza kupiga kiki kwa zamu, nusu saa nzima, mmoja akavua shati. Haikutoa hata kikohozi. Plagi hawakufungua, tanki hawakuchungulia, halafu mmoja akapangusa mikono akaniambia boss hii injini imeenda, inataka pistoni, ringi na kuchonga silinda, tafuta elfu kumi na sita. Nikamwambia narudi. Sikurudi, nikalipa pickup ya viazi mia nane ikanipeleka Kariobangi.

Sasa huyu mzee. Kitu ya kwanza hakushika spana. Alifungua kifuniko cha tanki akanusa, akanyamaza kidogo.

"Kijana, hii imelala tangu lini?"

"Tangu 2020, mzee."

"Na nani amekuwa akiipiga kiki?"

Nikaona aibu nikasema ni mafundi. Akatoa ile petroli kwa chupa ya maji akaniinulia juani. Rangi ya chai ya rangi, chini kuna unga mwekundu wa kutu, na harufu ni ile ya vanishi ya viti. Akanieleza vile petroli ikikaa, ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka inapaa, inayobaki ni nzito na inageuka gundi, sasa wale vijana kila kiki walikuwa wanavuta hiyo takataka waiingize zaidi kwa kabureta, pale petroli inachanganyika na hewa. Hapo nilielewa kwa nini nilitaka kulia.

Akasema injini inataka pumzi, moto na mafuta, na yeye huuliza kwa hiyo mpangilio. Akafungua plagi, akamwaga kijiko cha oili safi kwa hiyo shimo, akazungusha kwa mkono akisukuma kiki polepole, halafu tukaenda kunywa chai. Ringi zikikaa miaka bila kusonga zinaweza kugandana na kuta za silinda, sasa ukipiga kwa nguvu zikiwa kavu unakwaruza. Tuliporudi akaziba shimo la plagi na kidole gumba, akaniambia nikanyage kiki. Kidole kikarushwa na upepo, pwaa. Akacheka. "Hii ndio wanataka kuchonga?" Elfu kumi na sita bana.

Moto ndio ulisumbua. Alifunga plagi mpya kwa kofia yake akaigusisha kwa chuma cha injini, nikakanyaga, hakuna kitu. Nikajua sasa ni ile stori ya kununua CDI na koili, vile vifaa vya umeme vinavyopelekea plagi moto. Yeye akavuta ile kofia ya plagi, ndani ilikuwa na ukungu wa kijani kama shilingi ya zamani. Akakata waya karibu nusu sentimita mpaka shaba safi ikaonekana, akaskurubu kofia tena. Cheche ya buluu, unaisikia hadi na masikio, tak tak tak. Hiyo kazi ilikuwa dakika tano na hakuniuzia kitu.

Kabureta nayo ilikuwa kichefuchefu. Ile bakuli ya chini ilikuwa na utelezi wa kahawia kama asali iliyoungua, sindano ya floti, ile inafungua na kufunga petroli, imeshikana. Akatoa ile jeti ndogo ya sailensi, yani ya injini kukaa taratibu bila kukanyaga mafuta, akaniambia nichungulie nikielekeza juani. Sikuona kitu. Tundu lake ni dogo kuliko sindano ya kushonea na ndilo huziba la kwanza. Akailoweka, akachomoa uzi mmoja wa shaba kwa waya wa stima akaupitisha pole pole, akasema usiwahi tumia waya wa chuma maana unapanua tundu na hapo ndio pikipiki inaanza kunywa mafuta kama matatu. Akapuliza na kompresa ya jirani. Nikachungulia tena, nikaona nukta ya mwanga. Sijui kwa nini ilinifurahisha hivyo.

Kwa chujio la hewa tulipata nyumba ya panya. Nyumba kamili, sponji, manyoya, na karatasi ya mkate.

Tanki ililala siku mbili na siki nyeupe lita tano, akaitikisa na kipande cha cheni nzee ndani, akasuuza na maji ya magadi halafu petroli kidogo kutoa unyevu. Akaweka na filta ndogo kwa paipu. Oili ya zamani akaimwaga yote kabla ya kuwasha, ilikuwa na rangi ya maziwa pembeni, alisema ni maji ya umande.

Ikashika kiki ya nne. Moshi mweupe hadi yule mama wa chapo akapiga kelele, ni ile oili ya silinda ilikuwa inaungua, ikaisha dakika chache. Lakini ikawa haikai, ukiachilia inazima. Mzee akachukua chupa ya maji ya kupulizia nguo akapuliza pale raba ya kabureta inaungana na injini, mngurumo ukabadilika saa hiyo hiyo. Raba imepasuka, inavuta hewa ya pembeni. Mia tatu hamsini.

Hesabu yote: kazi 3,000, plagi 300, repair kit ya kabureta 500, filta 100, oili 650, raba 350, siki 600. Jumla 5,500. Betri alikataa kuniuzia, akasema tumia kiki kwanza ujue kama unaipenda.

Kwa nini si nyota tano. Alisema siku moja ikawa nne. Simu hashiki, ukitaka habari lazima uende. Risiti hakuna, ni M-Pesa na kichwa. Skrubu moja ya kava ya pembeni ilipotea na hakusema, nimeiona nyumbani. Na hii ndio ilinikasirisha kweli: aliniachia nipande niende bila kuangalia breki wala matairi. Nilipofika barabara ya Outer Ring breki ya nyuma ikashika haikuachilia, nikajikuta nimesimama katikati ya matatu mbili zinapiga honi, na tairi ya mbele nilipoangalia ilikuwa na nyufa unaweza kuingiza kucha. Pikipiki ya miaka mitano chini ya ngazi haiharibiki injini peke yake. Nilimrudishia kesho yake, akasema "uliniambia injini". Ni ukweli nilisema injini, lakini mzee!

Brathe alipiga video kutoka Doha nikamwekea simu karibu na silensa. Akasikiza kama dakika nzima bila kusema kitu, halafu akauliza kama niliitoa ile stika ya timu ya Gor Mahia kwa tanki. Niliitoa, ilikuwa imeisha.

Jumapili hafungui. Na nunua siki yako supamaketi kabla uende, ya pale karibu naye wanauza kama dawa.