Programu ya mikopo iliyoniambia mkopo ni haki yangu: tathmini ya fundi cherehani

Nyota mbili kati ya tano. Naanza na alama kwa sababu najua wengi mnasoma tathmini kama hii simu ikiwa mkononi na shida ikiwa mlangoni. Kama kazi yako imekwisha na malipo yanakuja ndani ya wiki chache, programu hii itakuvusha. Kama unatafuta hela ya kodi ya nyumba, au ya kuziba mkopo mwingine, iache. Mwenye nafasi aendelee kusoma.

Jina lake siliandiki. Masharti yake yanafanana na ya nyingine nyingi, na ninachotaka kusema kinazihusu zote za namna hiyo.

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu inakula mtaji kabla haijaleta hela. Mteja anatoa oda ya sare, anaacha malipo ya awali, kisha kitambaa, uzi, zipu na vifungo nanunua mimi. Salio linakuja mzigo ukishapokelewa. Pengo hilo la katikati ndilo lililonipeleka kwenye programu. Tangazo lake lilisema kwa herufi kubwa kwamba mkopo ni haki ya kila mtu. Nilipomaliza kujisajili, ukurasa uliofuata ukaniarifu kwamba mfumo unapima kama ninastahili. Tangu hapo nimeitumia nikiwa na swali moja: ni haki yangu, au ni kitu cha kustahili? Mkopeshaji anayesema yote mawili kwa wakati mmoja anakuvuta kwa neno la haki, na siku ya kukukataa anakuonyesha lile la kustahili.

Mazuri yake nayasema bila kubana. Ni ya haraka mno. Haitaki hati ya kiwanja wala mdhamini wa kutia saini. Tarehe ya kurejesha imeandikwa mahali pa kuonekana, ukumbusho unakuja mapema na kwa lugha ya heshima, na ukimaliza deni unapata uthibitisho papo hapo. Unaweza pia kulipa kidogo kidogo kabla ya siku yenyewe. Kwa mtu mwenye kipato kisicho na tarehe maalumu, hilo ni jambo kubwa.

Gharama sasa. Inajitangaza kuwa na ada ya asilimia 15 kwa siku 30, na ada hiyo inakatwa mwanzoni. Ukiomba 100, unapokea 85, na siku ya kulipa unarudisha 100. Kwa hiyo hulipi 15 juu ya 100. Unalipa 15 juu ya 85 uliyoishika mkononi, ambayo ni zaidi ya asilimia 17 kwa mwezi. Ukiizungusha mwaka mzima, hata bila kuhesabu riba juu ya riba, inavuka asilimia 200. Hakuna ukurasa wowote unaokuonyesha hesabu hii. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1968 inayomtaka mkopeshaji aonyeshe gharama ya mkopo kwa kiwango cha mwaka, ili mkopaji aweze kulinganisha mkopo mmoja na mwingine. Hapa unailinganisha mwenyewe kwa kalamu na karatasi, kama unajua pa kuanzia.

Lakini bei si jambo lililonifanya niandike. Nimeandika kwa sababu ya siku niliyokataliwa.

Nilikuwa nimelipa mikopo yangu yote kwa wakati, na kikomo changu kilikuwa kimepandishwa mara kwa mara. Ikaja oda kubwa kuliko kawaida. Nikaomba kiasi kilicho ndani ya kikomo kilekile walichoniwekea wao. Jibu: "Kwa sasa hujakidhi vigezo." Vigezo gani? Haikusema. Nikapiga simu huduma kwa wateja, akapokea kijana mstaarabu kabisa, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia uamuzi ni wa mfumo, yeye haoni sababu, na hata msimamizi wake haioni. Nikamuuliza kama kuna taarifa yangu isiyo sahihi ninayoweza kuirekebisha. Akasema niendelee kutumia simu yangu kama kawaida, kisha nijaribu tena baadaye.

Nilikaa na jibu hilo muda mrefu. Mtu hawezi kujirekebisha kwa kutumia simu kama kawaida.

Muuza vitambaa wangu hunipa mali kauli. Mwanzoni alikuwa hanipi hata mita moja, na sikumlaumu, maana kitambaa ni chake na mimi alikuwa hanijui. Nilinunua taslimu muda mrefu. Baadaye akaniachia robo ya mzigo, nikalipa, akaniachia nusu. Siku moja nilitaka zaidi akakataa, akaniambia waziwazi: "Fundi, malizia kwanza la mwezi uliopita, ndipo tuzungumze." Nikamjibu kwamba la mwezi uliopita nililipa kwa mwanawe, akafungua daftari, akakuta mstari haujapigwa. Akaupiga mbele yangu na mzigo nikaondoka nao. Kukataliwa kule kulikuwa na sababu, sababu ilikuwa na kosa, na kosa likarekebishwa kwa sababu niliweza kulisikia na kulijibu. Yule mfanyabiashara hajawahi kuniambia kwamba kitambaa chake ni haki yangu. Lakini ananitendea haki kuliko programu yenye tangazo.

Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba mkopo ni haki, na siwapuuzi. Muhammad Yunus, mchumi wa Bangladesh, amesema kwa miaka mingi kwamba mkopo ni haki ya binadamu. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra, alitoa mfukoni mwake dola 27 za Marekani zikawatosha watu 42 kulipa walanguzi waliokuwa wamewashika. Benki ya Grameen ikazaliwa rasmi mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wakopaji wake wengi ni wanawake wasio na ardhi, watu ambao benki za kawaida zilikuwa haziwafungulii hata mlango. Yunus alikuwa sahihi kwamba maskini anakopesheka. Ila tazama namna alivyofanya kazi: vikundi vya watu watano, mikutano ya kila wiki, marejesho madogo madogo, mkopo wa pili baada ya kulipa wa kwanza. Hata kwa aliyeuita haki, mkopo mkubwa ulikuja kwa kulipa mdogo.

Na tumeona kinachotokea neno haki likibaki peke yake mdomoni mwa muuzaji. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, kampuni za mikopo midogo ziliongezeka kwa kasi mpaka kaya moja ikawa na mikopo ya wakopeshaji kadhaa kwa pamoja. Mwaka 2010 zilisambaa habari za wakopaji waliojiua kwa kubanwa na wadai, serikali ya jimbo ikaingilia kati kwa amri ya kudhibiti ukusanyaji, na marejesho yakaporomoka. Kumpa mtu deni asiloweza kulilipa si kumpa haki yake. Tena hela inayokopeshwa mara nyingi ni akiba ya watu wengine, walioiweka wakitegemea kuikuta. Siwezi kudai kama haki yangu kilicho jasho la mtu nisiyemjua.

Kwa hiyo naegemea upande wa kustahili. Nimestahilishwa na muuza vitambaa, na ninaona fahari kwa hilo. Lakini hapa ndipo huduma hizi zinaponikera: zinasema mkopo unastahiliwa, kisha zinaficha kipimo. Huwezi kumwambia mtu apande ngazi uliyoifungia chumbani.

Hata vipimo vilivyo wazi vina shimo lake. Chukua alama za FICO, zinazotumika Marekani kupima kama mtu anakopesheka, zilizoanza mwaka 1989, kati ya 300 na 850. Wenyewe wametangaza mgawanyo wake: asilimia 35 ni historia ya kulipa, 30 ni kiasi unachodaiwa, 15 ni urefu wa historia yako, 10 ni mikopo mipya na 10 ni mchanganyiko wa aina za mikopo. Angalau mtu anajua aanzie wapi. Lakini kipato hakimo, na karibu kila kitu mle kinapima namna ulivyokopa. Mtu aliyeishi kwa kujibana, akalipa kila kitu taslimu na hajawahi kudaiwa, hana cha kuonyesha. Sifa inapatikana kwa kukopa, na kukopa kunataka sifa. Aliyepewa nafasi ya kwanza anaendelea kupanda, na aliyenyimwa anabaki chini akionekana kana kwamba hakujituma.

Nafasi hiyo ya kwanza haijagawiwa sawa. Kabla ya mwaka 1974, mwanamke nchini Marekani aliyeomba mkopo aliweza kuambiwa alete saini ya mumewe, hata kama mshahara ni wake. Mwaka huo ikapita sheria ya usawa katika mikopo iliyopiga marufuku kumbagua mwombaji kwa jinsia au hali ya ndoa, na mwaka 1976 ikapanuliwa kuhusisha rangi, dini, asili ya taifa na umri. Sheria hiyo haimlazimishi mkopeshaji kumkopesha yeyote. Inamlazimisha kupima kwa kipimo halali, na akikataa, mwombaji ana haki ya kuelezwa sababu zenyewe hasa. Miaka minne kabla yake, mwaka 1970, ilikwishapita nyingine inayompa mtu haki ya kuona faili lake la mikopo na kupinga kosa lililomo. Huko Ulaya, kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018 inampa mtu kinga dhidi ya maamuzi mazito yanayofanywa na mashine peke yake, na Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya SCHUFA, kampuni ya alama za mikopo ya Ujerumani, kwamba hata kule kutoa alama kunaweza kuhesabiwa uamuzi wa namna hiyo, kama mkopeshaji anaitegemea sana.

Hiyo ndiyo haki ninayoidai, na naidai kwa sauti: kupimwa kwa matendo yangu, kuambiwa nilipopungukiwa, kuliona faili langu na kulisahihisha. Hela yenyewe wanaweza kuninyima.

Liko jambo jingine, na kwangu ni zito kuliko kukataliwa. Wakati wa kujisajili programu inaomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi, ujumbe wako na mahali ulipo. Ukikataa, usajili unasimama. Mwenzangu tunayeshona naye chumba kimoja alichelewa kulipa baada ya mteja wake kumzungusha. Nikapokea ujumbe kwenye simu yangu, una jina lake kamili, unanitaka nimshauri alipe deni lake. Sikuwa mdhamini wake. Sikuulizwa. Dada yule alikuja kujua kwamba ujumbe huohuo umemfikia shemeji yake, kiongozi wake wa dini, na mteja mkubwa aliyekuwa anamtegemea. Yule mteja hakurudi. Sasa mwenzangu atalipaje, kama umemkatia mkono anaolipia?

Ukisema mkopo ni kitu cha kustahili, basi na adhabu ya kuchelewa iwe ya mkopo: kikomo kishuke, ada ya kuchelewa itozwe kama ilivyoandikwa, taarifa iende kwenye kumbukumbu za mikopo na ifutwe muda wake ukiisha. Heshima ya mtu mbele ya shemeji yake haikuwekwa rehani. Watu wameipa mikopo ya aina hii jina la kausha damu, na baada ya kumuona mwenzangu wiki ile siwezi kulipinga.

Wanaotaka kuitumia hata hivyo, nawaomba mambo machache. Soma ada kwa hela uliyopokea, usiisome kwa uliyoomba. Kopa dhidi ya kazi iliyokwisha au oda yenye malipo ya awali, usikope dhidi ya matumaini. Kila ukilipa, hifadhi uthibitisho nje ya simu hiyo, maana simu ikipotea ushahidi wako unabaki kwao peke yao. Na ukikataliwa, andika barua pepe kuomba sababu, hata kama unajua hawatajibu. Mimi niliandika. Walijibu kwa kunishukuru kwa kuwa mteja mwaminifu.

Ile oda kubwa niliishona. Muuza vitambaa alinipa nusu ya mzigo kwa mali kauli, na mteja akakubali kuongeza malipo ya awali baada ya kumwonyesha hesabu yangu.

Nyota ya kwanza naitoa kwa kasi, ya pili kwa namna wanavyopokea marejesho. Wakianza kuandika sababu ya kukataa kwenye ujumbe uleule wa kukataa, nitarudi kuongeza ya tatu. Wakiacha kusoma namba za watu, nitaongeza ya nne siku hiyohiyo.