Kufuatilia jina la bidhaa mtandaoni: uzoefu wangu na huduma za bure na ya kulipia

Nashughulikia wateja katika kiwanda kidogo cha unga wa lishe, Morogoro. Wanunuzi wetu wengi ni akina mama wenye watoto wadogo, na wakikerwa hawapigi simu ofisini. Wanaandika JamiiForums au Facebook, na uzi ukishachangiwa na watu wengi kabla hujajibu, imekula kwako.

Nilianza na Google Alerts, ambayo ni bure. Unaandika neno, unachagua kuletewa arifa papo hapo, kila siku au kila wiki, nazo zinaingia kwenye baruapepe. Jina la unga wetu ni neno la kawaida, la aina wanayopewa mabinti na kwaya, kwa hiyo lilipokuwa peke yake lilileta mahubiri na matangazo ya misiba. Dawa yake ni kulifunga pamoja na neno jingine ndani ya alama za kunukuu, "unga wa" likifuatiwa na jina, halafu kuondoa yasiyohusika kwa alama ya kutoa: -kwaya, -ibada. Ukiongeza site:jamiiforums.com unaletewa ya jukwaa hilo tu. Kwa wanaouza nje, F5Bot nayo ni ya bure na inafuatilia jukwaa la mijadala la Reddit. Zisikofika ni magrupu ya WhatsApp na yale ya Facebook yaliyofungwa, maana ya mle hayaonekani kwenye utafutaji. Kwa kazi ya kunasa jina zinanitosha kabisa.

Kupima hisia, yaani kujua kama maoni ni sifa au lawama, ndiyo kazi yenyewe. Tulilipia kwa dola huduma moja ya nje inayotangaza kwamba inasoma lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Ina grafu nzuri: sifa kijani, lawama nyekundu. Nikaanza kufungua maoni moja moja. "Huu unga ni hatari, mtoto anamaliza bakuli na kulia aongezwe." Nyekundu. "Hawa jamaa noma sana." Nyekundu. Kisha hili: "Hongereni sana, safari hii mmetuchanganyia na mwarobaini bila kupandisha bei." Kijani! Chini yake mwingine akaitikia "mkuu umenena", nayo kijani.

Yule mama wa mwarobaini alikuwa anatuambia kwa kejeli kwamba unga ni mchungu, na unga wa mtoto si jambo la kusubiri. Tulimwandikia, akatutajia duka. Mzigo ulikuwa umekaa muda mrefu chini ya bati, na unga wenye karanga ukipigwa na joto, mafuta yake huharibika na kuleta uchungu. Tuliuondoa wote dukani. Kwenye grafu, wiki hiyo ilionekana nzuri.

Nilipowauliza wenye huduma hiyo mfumo wao umefunzwa kwa maandishi gani ya Kiswahili, wakajibu kwamba hutafsiri kwanza kwa Kiingereza ndipo unapima. Basi kejeli na misemo ya mtaani hupotelea njiani. Na si kwamba haiwezekani kufanya vizuri zaidi: mwaka 2023 watafiti, wengi wao Waafrika, walitoa AfriSenti, mkusanyiko wa twiti zaidi ya 110,000 katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kimo, zilizopewa alama za hisia na wazungumzaji wenyewe. Mtu anayekuuzia huduma hii kwa soko letu anapaswa kuwa na jibu la kueleweka ukimuuliza data yake.

Tumesitisha malipo. Sasa dada mmoja wa ofisini hupitia arifa kila asubuhi na kuzijaza kwenye Excel: sifa, lalamiko, swali, na safu ya mwisho ya kama tumejibu. Kwa wingi wa maoni tunayopata, kazi hiyo anaimudu kabla ya chai ya saa nne. Kampuni kubwa ya simu au benki haitaweza hivyo, itahitaji mfumo. Kwa hao ushauri wangu ni kuomba muda wa majaribio na kuuingizia maoni halisi ya wateja wenu, ya kejeli yakiwemo, kabla ya kusaini mkataba wa mwaka.

Google Alerts naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya kulipia, mbili, tena kwa ajili ya kunasa maoni haraka.