Sangara wa Murchison: unamvua, unampima, unamrudisha. Je, safari hii ina thamani ya hela yake?

Kwa mtu aliyezoea kumwona sangara akiwa minofu kwenye friza, au kichwa kwenye sufuria ya supu, habari ya kulipa pesa nyingi ili umvue, umpige picha, kisha umwache aende zake inaweza kusikika kama mzaha. Lakini ndiyo biashara inayofanyika chini ya maporomoko ya Murchison, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na wateja wake siku hizi si Wazungu peke yao. Familia na marafiki kutoka Kampala, Nairobi na hata Mwanza wanachangishana boti moja na kwenda. Tunachopima hapa ni huduma ya siku nzima kwa boti: watu wanne, nahodha na mwongozaji wa uvuvi, kuanzia Paraa, penye gati za boti ndani ya hifadhi ya maporomoko hayo. Kampuni hatuzitaji, kwa sababu ubora unategemea zaidi nani amepanda nawe boti siku hiyo kuliko jina lililoandikwa ubavuni.

Jibu fupi: ndiyo, ina thamani, ikiwa mwongozaji anajua dakika mbili za mwisho. Samaki kukamata ndoana ni bahati na mto. Samaki kuondoka akiwa hai ni ufundi, na huo ndio unaoulipia.

Kwanza mto wenyewe. Nile inabanwa kwenye ufa wa mwamba wenye upana wa kama mita 7, halafu inaporomoka takriban mita 43. Chini yake maji yanachemka povu jeupe, yamejaa hewa, na samaki wadogo waliolewa kwa mshindo wanateremka humo. Sangara anangoja pembeni, pale maji ya kasi yanapogusana na maji yaliyotulia nyuma ya mwamba. Na huyu ni mwenyeji. Sangara wa Ziwa Victoria walipelekwa na binadamu katika miaka ya 1950 na 1960. Kabla ya hapo maporomoko haya ndiyo yaliyokuwa ukuta uliowazuia kupanda juu. Kwa hiyo anayetoka Kisumu au Mwanza akidhani anakuja kumtazama samaki wa kwao, anakutana na ukoo uliobaki nyumbani.

Kutoka Kampala ni kama kilomita 300 kupitia Masindi. Lami sasa inafika Paraa na daraja limechukua nafasi ya kivuko, hivyo kile kisingizio cha zamani cha kuchelewa hakipo. Kiingilio cha hifadhi kinahesabiwa kwa saa 24. Ukiingia saa nane mchana na kulala, siku yako ya uvuvi inamezwa na tiketi ile ile, mradi utoke kabla ya saa nane kesho yake. Ukiingia alfajiri ya siku iliyotangulia, utalipa mara mbili. Kibali cha uvuvi wa michezo hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na ni malipo tofauti na kiingilio. Hapa ndipo wengi huumia: bei waliyotajiwa kwa simu ilikuwa ya boti na mwongozaji tu. Kabla ya kutuma chochote, ulizeni kama bei ina kiingilio, kibali cha kila anayeshika fimbo, mafuta ya mashine, vifaa, chakula na maji ya kunywa. Raia wa Afrika Mashariki wana viwango vyao vya kiingilio, basi kila mtu abebe kitambulisho au pasi.

Watu wanne kwa boti moja ni sawa kwa mfuko, ila si sawa kwa fimbo. Fimbo nne zikiwa majini kwa wakati mmoja, samaki mmoja akishika anazungusha mishipi yote na kazi inakuwa kufumua mafundo. Mwongozaji makini huruhusu mbili, nyingine zinapumzika. Ina maana kila mmoja anavua nusu ya siku. Kama kundi lenu lina wavuvi wa kweli watatu na zaidi, chukueni boti mbili. Kama wawili ni wa kutazama viboko na tembo, moja inatosha na kila mtu atarudi ameridhika.

Vifaa vya kukodi vikaguliwe ufukweni, kabla mashine haijawashwa. Fimbo iwe ngumu, ya mita 2.4 hadi 3. Rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, iwe ya baharini, ya ukubwa wa 8000 hadi 14000, na ibebe mita 250 au zaidi za mshipi wa kusokotwa wenye kuhimili kilo 30 hadi 40. Mbele yake kifungwe kipande cha nailoni nene cha kilo 50 hadi 70, urefu wa mita moja na nusu au mbili. Sangara hana meno ya kukata kama ngasa (tigerfish), lakini midomo yake ni msasa, na kifuniko cha matamvua kina miiba. Nailoni nyembamba inalika polepole mpaka inakatika mlangoni. Pitisha kidole kwenye mita ya mwisho: ukisikia mikwaruzo, mwambie afunge upya. Breki ya rili ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza, isipimwe kwa kukisia. Kwa mshipi wa kilo 30, breki ianze kuachia kwenye kilo 8 hivi.

Kuna wanaoleta vifaa vyepesi ili mapambano yawe matamu. Utamu huo unamuua samaki. Maji ya hapa ni ya joto, na maji ya joto hubeba hewa kidogo. Sangara wa kilo 30 anayepigana dakika arobaini anafika botini misuli imejaa tindikali, na hata akiogelea kuondoka huenda asimalize siku. Kwa vifaa vizito kazi hiyo ni dakika kumi, kumi na tano.

Ndoana ndiyo sehemu ambayo waandaaji wengi bado wanatuangusha. Chambo bandia za kiwandani, zile za sentimita 15 hadi 20 zinazozama mita tatu hadi sita, huja na ndoana za pembe tatu, mbili au hata tatu kwa chambo kimoja. Samaki akijitikisa, moja imeshika mdomo na nyingine inaingia jichoni au kwenye matamvua, na ya tatu inatafuta kiganja cha mwongozaji. Zinatakiwa zibadilishwe kuwa ndoana moja moja, na kijino cha nyuma kibanwe kwa koleo mpaka kilale. Samaki watakaokuponyoka wanaporuka wataongezeka kidogo, hilo halina ubishi. Dawa yake ni kuweka mshipi umekaza na fimbo iwe chini, imelala upande, sangara anapopanda juu kutikisa kichwa. Anayeinua fimbo juu wakati huo anampa samaki ulegevu anaoutaka.

Wanaotumia chambo hai watumie ndoana za duara, na wasinyakue. Mazoea ya ziwani ni kuvuta kwa nguvu mara mshipi unapotikisika. Kwa ndoana ya duara ukifanya hivyo inatoka tupu. Acha samaki ageuke, mshipi ukaze wenyewe, anza kukunja taratibu. Ndoana itajishika pembeni mwa mdomo. Chambo chenyewe kivuliwe mto ule ule, asubuhi, kwa ndoana ndogo. Tenga saa nzima kwa kazi hiyo. Watoto huipenda kuliko uvuvi mkubwa, na kwa kweli ndiyo saa pekee ambayo mtoto wa miaka minane anakuwa na kazi ya maana botini.

Sasa zile dakika mbili. Samaki amefika ubavuni. Mwongozaji mzuri hamwinui. Anamshika taya la chini kwa glavu, koleo ya pua ndefu inatoa ndoana kichwa kikiwa bado majini, machela ya turubai yenye maji inapita chini ya tumbo. Kama kuna picha, kamera iko tayari kabla samaki hajatoka. Mikono imelowa, kwa sababu mkono mkavu unavua ute unaomkinga na magonjwa. Mkono mmoja tayani, wa pili chini ya tumbo, samaki amelala usawa. Kumning'iniza kwa taya sangara wa kilo 20 ni kuupakia uti wa mgongo na matumbo mzigo ambao maji ndiyo yaliyokuwa yakiubeba. Vidole kwenye matamvua, hapana kabisa. Sekunde thelathini, anarudi. Kipimo rahisi: mpiga picha abane pumzi samaki anapotoka, yeye akihitaji kupumua, samaki naye anahitaji.

Uzito hauhitaji mizani ya kumtundika. Pima urefu, pima mzingo pale alipo mnene, vyote kwa sentimita akiwa ndani ya machela. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, ugawe kwa 29,000. Mwenye urefu wa 120 na mzingo wa 85 anakuja kama kilo 30. Ni makadirio, lakini yanatosha kwa majigambo ya ukumbini.

Kumwachia kuna namna yake. Kichwa kielekezwe kunakotoka maji, ashikwe mgongo ukiwa juu mpaka aanze kuuma mkono na kupiga mkia mwenyewe. Kule kumsukuma mbele na nyuma, ambako wengi hukuona kama huduma ya kwanza, kunapitisha maji kinyume kwenye matamvua, mkondo unatosha. Halafu kuna suala la bondo, yaani mfuko wa hewa ulio tumboni mwake. Ndiyo, bondo lile lile linalouzwa ghali kuliko nyama yake. Sangara hana njia ya kutoa hewa ya bondo kwa mdomo, hivyo akivutwa upesi kutoka shimo refu, hewa inatanuka na anaelea tumbo juu. Ukiona tumbo la chakula limesukumwa nje ya mdomo, usilitoboe. Ashushwe haraka kichwa kikitangulia, na boti ihame shimo hilo, mkavue kwingine, kwenye maji yenye kina kisichofika mita kumi. Mwongozaji anayeendelea kuvua pale pale baada ya samaki wawili kuelea, malizeni naye siku lakini msimrudie.

Wengine humfunga samaki kwa kamba tayani apumzike kandoni kabla ya picha. Kwa dakika chache na kwenye mkondo inavumilika. Kwa nusu saa, ili wenzenu wa boti ya pili waje kupiga picha, ni ukatili, tena ni kumwandalia mamba meza. Mamba wa hapa ni wengi na wakubwa, wamejifunza kwamba samaki anayehangaika juu ya maji ni chakula rahisi. Kwa sababu hiyo samaki aachiwe mbali na ukingo, na hakuna mtu anayeingia majini, hata kifundo cha mguu, hata kunawa. Kuvua kutoka kwenye miamba chini ya maporomoko kuna raha yake, lakini ni njia ya miguu yenye utelezi na hakuna pa kukimbilia. Watoto wa chini ya miaka 12 tusingewapeleka kwenye miamba hiyo. Botini, jaketi za kujiokolea zivaliwe, zisikaliwe. Ombeni za ukubwa wa watoto siku moja kabla, kwa maana hizo ndizo hukosekana.

Mambo madogo: mbung'o wanapenda nguo nyeusi na za bluu iliyokolea, vaeni kaki. Kivuli cha boti kikaguliwe, jua la saa saba halina mzaha. Mkimvua kambale wa umeme, mwacheni mwongozaji akate mshipi; si samaki wa kushikwa kwa udadisi.

Msimu bora ni kiangazi, Desemba hadi Februari na tena Juni hadi Julai, maji yanapopungua na miamba kujitokeza. Lakini kimo cha maji ya mto hapa kinategemea pia maji yanayotoka Ziwa Victoria, si mvua ya jirani pekee. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika, gati za Paraa zililala chini ya maji. Ulizeni hali ya mto wiki mnayokwenda. Magugu na visiwa vya mafunjo vinavyoelea vikiwa vingi, kila mrusho unarudi na mzigo wa majani.

Kurudi bila sangara hata mmoja ni jambo la kawaida kabisa kwa siku moja. Siku mbili zinabadilisha hesabu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa zinakupa alfajiri mbili, na alfajiri ndiyo saa yake. Mwuzaji anayeahidi kilo 50 kabla hata ya kuona mto, muulize akuonyeshe machela na koleo zake. Asiyekuwa navyo, ahadi yake ni ya samaki mfu.

Na kama mtoto atalia kwa nini kitoweo kimeachwa kiende, tokeni kwa lango la Tangi upande wa kaskazini. Mji wa Pakwach uko karibu, samaki wapo, na hao hawajapigwa picha na mtu.