Viendelezi vya contrib vya PostgreSQL: uzoefu wangu

Natunza hifadhidata ya wanachama wa SACCOS kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Kati ya viendelezi vyake vya contrib, yaani nyongeza zinazokuja nayo, ambacho siwezi kuishi bila hicho ni pg_trgm. Hulikata neno vipande vya herufi tatu tatu, kisha hupima maneno mawili yanashirikiana vipande vingapi. Kwa majina yetu huo ni mkombozi. Karani mmoja anaandika Athumani, mwenzake Athuman. Ukiyalinganisha unapata 0.7, na kiwango cha kawaida cha kukubali ni 0.3, hivyo mwanachama anaonekana papo hapo. Othman ndiye pg_trgm haimuoni kabisa: akipimwa na Athumani hafikii hata 0.1. Kwa majina ya namna hiyo, tengeneza jedwali lako la majina pacha. Ukiongeza faharasa ya GIN (aina ya faharasa inayoharakisha utafutaji), hata LIKE yenye % mbele na nyuma, yaani kutafuta kipande popote ndani ya neno, inakimbia.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi vinavyotunzwa. Contrib imo ndani ya msimbo wa PostgreSQL yenyewe, inajaribiwa na kutolewa pamoja nayo. Toleo jipya likitoka, viendelezi kama hstore, citext na pgcrypto vipo siku hiyohiyo. PostGIS, kiendelezi cha data za ramani kilicho nje ya contrib, ni nzuri sana, lakini ina ratiba yake, na ukiitumia lazima uhakikishe kwanza kama inakubaliana na toleo unalohamia.

Usimamizi nao umekuwa mwepesi tangu 9.1 ya mwaka 2011, ilipoletwa CREATE EXTENSION, amri ya kuweka kiendelezi. Kabla ya hapo uliendesha faili la SQL, na vitu vyake vikatapakaa katikati ya vya kwako. Sasa pg_dump, zana ya kutoa nakala ya hifadhidata, inaandika mstari mmoja tu kwa kiendelezi kizima. Tangu toleo la 13, baadhi yake, pg_trgm ikiwemo, mwenye ruhusa ya CREATE kwenye hifadhidata anaviweka mwenyewe bila kumsubiri msimamizi mkuu.

Pa kuwa macho ni baada ya pg_upgrade, zana ya kuhamia toleo jipya. Maktaba inakuwa mpya, lakini majedwali na fomula za kiendelezi zinabaki za zamani mpaka uendeshe amri ya ALTER EXTENSION ... UPDATE, kwa kila hifadhidata. Fungua orodha ya pg_available_extensions, ulinganishe default_version na installed_version; zikitofautiana, kazi haijaisha. Na soma maelezo ya toleo kabla ya kusasisha: pg_stat_statements 1.8 (kiendelezi kinachopima muda wa maswali ya SQL), iliyokuja na toleo la 13, iliondoa safu ya total_time na kuleta total_exec_time, kwa hiyo ripoti inayotaja jina la zamani itagoma. Vingine huondolewa kabisa. tsearch2 iliondoka toleo la 10, adminpack toleo la 17.

pg_trgm naipa nyota tano. pg_stat_statements naipa nne: inakuonyesha maswali yanayoichosha seva, lakini lazima iingizwe kwenye shared_preload_libraries, orodha ya maktaba zinazopakiwa seva inapowaka, na seva iwashwe upya, kwa hiyo iweke mapema, siku unayosimika seva, watumiaji hawajaingia.