Kadi za majira: nimelipa 400, na tatu hazimo

Kazi yangu ni kutembeza wageni, Ngomeni na vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa. Mwezi uliopita mama mmoja wa Kiingereza alisimama katikati ya ngazi akihema, akaniambia, "I'm no spring chicken." Nikamjibu kuku wapo, Kibokoni, tukimaliza hapa. Mumewe alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni nikapitia Mwembe Tayari kwa muuza vitabu vya mitumba, nikanunua pakiti ya kadi za misemo ya Kiingereza, imepangwa kwa majira manne. Alitaka 600, tukapatana 400.

"Ami, zimetimia?"

"Zimetimia, mwanangu."

Nilizihesabu ndani ya matatu. Kifuniko kinasema 52, mkononi nina 49.

Kadi zenyewe ni ngumu, hazilegei kwa jasho, na hiyo si haba kwa joto letu. Aliyezimiliki kabla yangu ameandika kwa penseli: spring, masika; autumn, vuli. Simlaumu, hata mimi darasani nilifundishwa hivyohivyo. Lakini masika yetu ni mvua na kusi, bahari imechafuka. Spring yao ni baridi imewaachia na miti yachipua. Kifaranga aliyeanguliwa wakati huo nyama yake bado laini. Ndiye kuku wa yule mama: alikuwa akisema yeye si kijana tena. Kwa njia ya masika nisingemfikia kamwe.

Kadi iliyoniudhi ni "One swallow doesn't make a summer." Mimi "swallow" naijua ni kumeza, basi nikasoma mmezo mmoja hauleti joto! Picha ni ya mbayuwayu, na maana iliyoandikwa ni kwamba usikate shauri kwa dalili moja. Sawa. Ila hawakusema huyo mbayuwayu wakati wa baridi yao huwaje. Si huku kwetu Afrika? Kuanzia kama Septemba utawaona wamejipanga kwenye nyaya za stima, na kufika Aprili wanarudi zao Ulaya. Akionekana kule, watu hudhani joto limefika. Sentensi moja ya namna hiyo ingeniokolea usiku mzima wa kukariri.

Iliyonilipia pesa yangu ni "Spring forward, fall back": saa husogezwa mbele spring, hurudishwa nyuma majani yakipukutika. London tunaizidi saa mbili wakati wa joto lao, tatu wakati wa baridi. Nimewahi kumkosa mgeni kwenye simu kwa saa nzima, nikamwona yeye ndiye mzembe.

Misemo mingine, kama "snowed under", yaani kazi zimekufunika, inajieleza yenyewe.

Kadi zinazokosekana zote ni za winter. Ami alikuwa na pakiti mbili zaidi. Ukienda, hesabu kabla hujatoa pesa.