Wazoataka wa angani: Planetes ilinikosha, kisha ikaniudhi

Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba Planetes ndiyo anime, yaani katuni ya Kijapani, bora kabisa ya anga za mbali niliyopata kuitazama, na nilikuwa nimewatangazia hivyo watu wasiopungua watatu, kabla sijafika kwenye zile sehemu za mwisho zilizonifanya niifunge kompyuta na kutoka nje kupunga upepo. Ninaandika haya hasira ikiwa haijapoa, kwa hiyo msomaji aniwie radhi nikionekana kuyumba.

Kilichonivuta tangu mwanzo ni kazi wanayoifanya wahusika. Mwaka ni 2075, binadamu amekwisha kujenga makazi mwezini, lakini hawa tunaowafuata si marubani wa vita wala wateule wa kuikomboa sayari, ni wazoataka. Hachimaki, Tanabe, Yuri na Fee, mwanamke mvuta sigara anayekiendesha chombo chao kikuukuu, hutoka kwenda kukusanya setilaiti zilizokufa, vipande vya roketi na bolti zilizoachwa zikizunguka dunia. Katika kampuni yao idara hiyo inadharauliwa waziwazi, na wenzao wameibandika jina la Nusu. Yeyote aliyewahi kuwaona vijana wanaosukuma mikokoteni ya taka alfajiri mjini, wakipishwa njia kwa kuzibiwa pua, ataitambua dharau hiyo kabla hata haijaelezwa. Katika sehemu ya kwanza Tanabe, mgeni kazini mwenye ndoto kubwa, anakutana na Hachimaki akiwa amevaa nepi, maana mtu anayefanya kazi saa nyingi ndani ya vazi la anga hana msala wa kukimbilia. Nilicheka, kisha nikaona kwamba waandishi wale wameifikiria kazi hii mpaka kwenye jambo ambalo wengine wangeona haya kulitaja.

Hatari wanayopambana nayo ni ya kweli. Karibu na dunia vitu huzunguka kwa mwendo wa takriban kilomita 7 au 8 kwa sekunde, na kwa mwendo huo bolti moja inatosha kumfanya mtu mjane, kama ilivyomfika Yuri. Donald Kessler wa NASA, shirika la anga la Marekani, alikwisha kuonya mwaka 1978, pamoja na mwenzake, kwamba taka hizo zikigongana huzaa taka nyingine, nazo zikagongana tena, hali ikazidi kuwa mbaya yenyewe kwa yenyewe. Sisi Wakenya hatuna haja ya kubembelezwa tuamini hayo: mwishoni mwa 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi, kipenyo chake kama mita mbili na nusu, ilianguka kijijini Mukuku, Makueni, na wanakijiji wakaikuta ingali na moto.

Yuri ana siri. Kwa miaka mingi amekuwa akizoa taka huku akiitafuta dira ndogo aliyokuwa nayo mkewe siku ya ajali. Siku anapoiona na kuifungua, anakuta mke wake, katika dakika zake za mwisho, aliandika ndani yake maneno machache tu, akiomba Yuri aokolewe. Nilisimamisha picha. Nilikaa nikiitazama ile dira mkononi mwake mpaka chai yangu ikapoa, nami si mtu wa kulialia mbele ya katuni.

Dosari ndogo zipo, na sitazikawiza. Wale majuha wa mwezini wanaojifanya maninja wangeweza kuondolewa bila mtu kuuliza walikokwenda. Tanabe naye anahubiri upendo kwa sauti ya juu hata pale ambapo mtu mwenye akili angenyamaza.

Lakini haya yote ni mchanga kwenye wali. Mfupa uliokwama kooni mwangu ni El Tanika.

Hii ni nchi maskini ya kubuni, na katika sehemu ya 11 mwananchi wake mmoja, Temara, anapanda angani na vazi la anga lililotengenezwa kwao, akitumaini kampuni kubwa italinunua. Vazi ni zima, linafanya kazi, na bado halimfikishi popote, kwa sababu vita na siasa za wakubwa vinafika kabla ya mkataba. Nina mjomba fundi. Namjua mtu anayeingia ofisini na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, amekikunja vizuri, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Sehemu ile niliitazama mara mbili.

Kisha yupo Claire, mfanyakazi wa kampuni ile ile ya kina Hachimaki, naye mzaliwa wa El Tanika, ambaye amesoma na kujitutumua kuliko wote, akashushwa cheo, na mwisho waandishi wakampeleka kwa magaidi. Hakim, mhusika mwingine ambaye naye si mtoto wa nchi tajiri, njia yake ni hiyo hiyo. Mdogo wangu, aliyekuwa akitazama nami huku akila njugu, alisema tu, "Nilijua," na neno hilo ndilo lililonitoa nje. Kwa nini alijua? Iweje hadithi iliyomtambua Temara kwa heshima ile ishindwe kumpatia Claire njia nyingine?

Nikiwa huko nje nilijaribu kuwa mwadilifu. Ni kweli kwamba tamthilia hii haifichi kuwa nchi tajiri zimejigawia anga na wengine wameachiwa kutazama kutoka chini. Pengine hata hasira yangu nimeipata humo humo, kwa hiyo ninamshitaki mwalimu kwa somo alilonifundisha mwenyewe. Nilirudi ndani nikiwa tayari kusamehe. Ndipo nikamkuta Claire amejeruhiwa, amebebwa na Tanabe kuvuka nyika ya mwezi, oksijeni ikiwaishia, na Tanabe akipigana na kishawishi cha kumnyang'anya mwenzake hewa. Ni kipande cha kutisha, kimetengenezwa kwa ustadi ambao siwezi kuukana. Lakini hata hapo mtoto wa El Tanika ni mzigo mgongoni, na anayepimwa utu ni yule mwingine.

Nilikusudia kuipa alama tano kati ya tano. Nikashuka mpaka mbili. Nikiikumbuka ile dira ninafika nne, kisha ninamkumbuka Temara na vazi lake na sijui nimpunguzie nani. Mdogo wangu anataka tuianze upya Jumamosi. Nimekubali, kwa sharti kwamba tukifika sehemu ya 11 mjomba aitwe aje kutazama.